Kumwachia mwenzako ushindi ni uungwana au ni udanganyifu? Tulinganishe Burlada 2012 na Beijing 2024

Chapisho la 1: Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilisimamia michezo shuleni, hasa soka na riadha. Mwaka 2024 mjukuu wangu alinionyesha video mbili kwenye simu, moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza kwa nini mkimbiaji wa video ya kwanza anasifiwa dunia nzima, ilhali wakimbiaji wa video ya pili wamenyang'anywa medali zao, wakati wote wamefanya jambo lile lile: wamepunguza mwendo ili mwenzao atangulie kwenye utepe. Nilimjibu harakaharaka, na jibu langu halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari swali lake, na leo ninalileta hapa pamoja na jibu ambalo sasa ninaliamini.

Video ya kwanza ni ya tarehe 2 Desemba 2012, katika mji wa Burlada, jimbo la Navarra, kaskazini mwa Hispania. Zilikuwa mbio za nyika. Aliyekuwa akiongoza ni Abel Mutai wa Kenya, ambaye miezi michache kabla ya hapo alikuwa amepata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya London katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mutai alipofika karibu na mwisho alidhani amekwisha kuvuka mstari, akapunguza mwendo akiwa amebakiza mita kumi hivi. Nyuma yake alikuja Iván Fernández Anaya, kijana wa Kihispania wa miaka 24, ambaye angeweza kumpita bila jasho. Watazamaji walimpigia Mutai kelele aendelee, lakini hakuielewa lugha yao. Fernández alipomfikia hakumpita, bali alibaki nyuma yake akamwashiria kwa mikono asonge mbele hadi avuke mstari.

Kisa hiki kimezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, mara nyingi kikiwa kimepambwa kwa mazungumzo marefu kati ya mkimbiaji huyo na mwandishi wa habari kuhusu heshima na kuhusu mama yake. Mapambo hayo ninayaacha pembeni, kwa sababu yale ambayo Fernández aliliambia gazeti la El País la nchini kwao yanatosha kabisa. Alieleza kwamba Mutai ndiye aliyestahili kushinda, kwa kuwa alikuwa amemwacha kwa umbali ambao yeye asingeweza kuuziba kama mwenzake asingekosea. Kocha wake, Martín Fiz, ambaye alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995, alikiri kwamba lilikuwa tendo la uaminifu, ila akasema waziwazi kwamba yeye mwenyewe asingelifanya, angeitumia nafasi ile akashinda. Fernández naye alikubali kwamba kama ingekuwa ni medali ya dunia au ya Ulaya, huenda angeamua vinginevyo. Kukiri huko hakumpunguzii sifa machoni pangu. Mtu anayesema ukweli kuhusu mpaka wa wema wake ni mkweli kuliko anayejitangaza kuwa hana mpaka.

Video ya pili ni ya tarehe 14 Aprili 2024, katika nusu marathoni ya Beijing. Wakimbiaji wanne walifika pamoja kwenye sehemu ya mwisho: He Jie wa China, Willy Mnangat na Robert Keter wa Kenya, pamoja na Dejene Hailu wa Ethiopia. Waafrika hao watatu walionekana wazi wakipunguza mwendo, mmoja wao akiashiria kwa mkono kwamba Mchina atangulie. He Jie alishinda kwa saa 1 na dakika 3 na sekunde 44, nao wakafuatia sekunde moja nyuma yake. Siku chache baadaye, baada ya uchunguzi, waandaaji waliyafuta matokeo ya wote wanne, wakawavua medali na vikombe na kuwanyang'anya fedha za zawadi. Mnangat alilieleza Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, kwamba wao walikuwa wamechukuliwa kama waweka kasi, yaani wakimbiaji wanaotangulia ili kumvuta mwenzao, na kwamba lengo lilikuwa He Jie avunje rekodi ya China ya nusu marathoni, ambayo hakuifikia. Tatizo ni kwamba namba walizovaa kifuani hazikuonyesha kwamba wao ni waweka kasi. Mtazamaji aliyesimama kando ya barabara aliwaona kama washindani.

Sasa nirudi kwenye swali la mjukuu wangu. Ukiyatazama matendo hayo kwa macho tu, ni mamoja. Mtu ana uwezo wa kupita, hapiti, mwenzake anatangulia. Wala siamini kwamba tofauti iko kwenye fedha. Tofauti ninayoiona ni hii: Fernández aliyalinda matokeo yabaki kuwa ya kweli. Nani alikuwa na kasi zaidi siku ile? Mutai. Nani aliandikwa wa kwanza? Mutai. Beijing mambo yaligeuzwa. Nani alikuwa na kasi zaidi siku ile? Hatujui, na hatutajua kamwe, hata He Jie mwenyewe hajui, ingawa ni mkimbiaji hodari aliyepata dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou mwaka 2023 na hakuhitaji msaada wa namna hiyo ili aheshimiwe.

Kwa maneno mengine, Fernández alikataa kupokea kitu ambacho si chake, na wale watatu walitoa kitu ambacho si chao. Ushindi hauwi mali ya mkimbiaji kabla hajaupata, kwa hiyo hawezi kuutoa zawadi. Umefungwa na ahadi aliyowapa washindani wote siku alipovaa namba, wakiwemo wale ambao wako nyuma sana na hawaoni yanayotendeka mbele. Mimi huwa ninamfikiria aliyemaliza wa tano Beijing, ambaye alikuwa akikimbia kwa nguvu zake zote bila kujua kwamba mbele yake hapakuwa na mashindano. Katika kila tendo la udanganyifu michezoni yupo mtu wa namna hiyo, mtu asiyeonekana kwenye picha, na ninaona tumezoea mno kuwatazama walio kwenye picha.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Kombe la Dunia la 1982. Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi mabao 2 kwa 1, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Tarehe 24 Juni ikamaliza mechi zake za kundi kwa kuifunga Chile 3 kwa 2. Kesho yake, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi ilicheza na Austria, na timu zote mbili zilijua kwamba Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili zitafuzu pamoja na Algeria itatoka. Ujerumani ilifunga bao mapema, kabla hata robo saa haijapita, kisha kwa muda wote uliobaki wachezaji wakawa wanapasiana mpira bila nia ya kushambulia. Mashabiki wa Algeria jukwaani walipunga noti za fedha kwa uchungu. Malalamiko ya Algeria yalikataliwa kwa sababu hakuna kanuni iliyovunjwa. Waliodhulumiwa hawakuwa hata uwanjani kucheza. Walikuwa wamekaa wakitazama. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kundi moja zikaanza kuchezwa kwa wakati mmoja, na utaratibu huo ndio unaotumika hadi leo.

Naomba tujadili kwa utulivu. Je, mnaikubali tofauti hiyo, au mnaona wakimbiaji wa Beijing wameonewa?

Chapisho la 2: Mchangiaji kutoka Eldoret

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa uzi wenye uzito. Hata hivyo, naomba niwatetee ndugu zetu kidogo, kwa maana huku kwetu riadha ni kazi kama kazi nyingine, na watu wengi wanaowahukumu hawajui maisha ya mkimbiaji wa daraja la kati.

Kijana anayekimbia nusu marathoni kwa saa moja na dakika mbili ni hodari mno ukimlinganisha na binadamu wa kawaida, lakini katika nchi yenye mamia ya wakimbiaji kama yeye, hawezi kuitwa kwenye timu ya taifa. Anaishi kwa kualikwa mbio za ng'ambo, na mara nyingi mwaliko wenyewe ni wa kuweka kasi. Anaambiwa: mvute fulani hadi kilomita kadhaa, utalipwa kiasi fulani. Akikataa, wapo wengine kumi wanaosubiri. Sasa mtu aliyetimiza mkataba wake, akamfikisha mwajiri wake mwisho, kosa lake liko wapi? Kama namba haikuandikwa kwamba yeye ni mweka kasi, mwenye kuchapisha namba ni mkimbiaji au ni mwandaaji? Ninaona aibu yote imemwangukia mnyonge, na waliompa kazi wamesemwa kwa sauti ya chini.

Chapisho la 3: Mwanzisha uzi

Marahaba, ndugu yangu wa Eldoret. Umesema jambo la haki, na ninakubali kwamba nililipita upesi. Waandaaji na waliowaleta wakimbiaji wale ndio wenye sehemu kubwa ya lawama, kwa sababu wao ndio waliojua tangu mwanzo nani anashindana na nani yuko kazini, na wao ndio walioacha watu waamini vinginevyo. Kuweka kasi si aibu hata kidogo. Karibu kila rekodi ya marathoni tunayoishangilia imesaidiwa na watu hao, na sipendi wanavyosahauliwa mara tu wanapoiacha barabara.

Ila kuna kitu kimoja katika kazi hiyo ambacho kinautia nguvu msimamo wangu. Mwaka 2000, Simon Biwott wa Kenya alikwenda Berlin kuweka kasi katika marathoni. Alipoona bado ana nguvu, aliendelea hadi mwisho na akashinda kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 42. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu mweka kasi akiwa ameandikishwa kama mshiriki ana njia mbili za heshima: akimaliza kazi yake anaweza kutoka barabarani, au anaweza kubaki na kukimbia kwa ajili yake mwenyewe. Njia ya tatu, ya kubaki hadi mwisho kisha kujifanya umeshindwa, haimo katika kazi hiyo. Kama wale watatu wangetoka pembeni wakiwa wamebakiza kilomita moja, He Jie angeshinda vilevile, wao wangelipwa vilevile, na leo tusingekuwa na uzi huu.

Kuhusu unyonge, ninakuelewa, tena sana. Lakini kumbuka kwamba na yule asiyeonekana kwenye picha mara nyingi ni mnyonge vilevile. Mwaka 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alishinda marathoni ya Boston, na Buzunesh Deba wa Ethiopia akawa wa pili kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 59. Mwezi Septemba mwaka huo huo Jeptoo alipimwa akakutwa na EPO, ile dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu. Mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimwongezea adhabu kutoka miaka miwili hadi minne na kuyafuta matokeo yake kuanzia Boston ile. Deba akawa bingwa kwenye karatasi, tena mwenye rekodi ya njia ile. Lakini zawadi ya mshindi ilikuwa imekwisha kulipwa kwa mwingine, na kwa miaka mingi hakupewa. Ilikuwa mwaka 2024, miaka kumi baada ya kukimbia, ambapo mfanyabiashara mmoja wa Marekani aliyesoma habari yake gazetini alimtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Mkimbiaji wa marathoni ana misimu michache tu ya ubora. Deba aliipitisha misimu yake akiitwa mshindi wa pili, na waalikaji wa mbio humlipa mshindi wa pili kama mshindi wa pili.

Ndiyo maana ninapowasikia watu wakisema kwamba anayetumia pufya, kama mnavyoziita dawa hizo huko Kenya, anajidhuru mwenyewe tu, ninapata uchungu. Ninafahamu kwamba tangu sheria ya kupambana na dawa hizo ilipopitishwa nchini kwenu mwaka 2016 upimaji umeongezeka, na kwamba wakimbiaji wengi waliofungiwa wamefungiwa kwa sababu sasa wanatafutwa. Hilo ni jambo jema, hata kama linatia aibu kwa muda.

Chapisho la 4: Mchangiaji kutoka Mwanza

Mwalimu, naomba nikupeleke kwenye soka, maana huko ndiko kanuni yako ya "matokeo ya kweli" inakopata mtihani.

Tarehe 2 Julai 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia, Johannesburg. Ghana na Uruguay ziko 1 kwa 1, dakika za nyongeza zinaisha, Dominic Adiyiah anapiga kichwa na mpira unakwenda wavuni, Luis Suárez anauzuia kwa mikono akiwa kwenye mstari wa goli. Kadi nyekundu, penalti, Asamoah Gyan anagonga mwamba, Suárez anaonekana akishangilia njiani kuelekea vyumbani, na Uruguay inashinda kwa mikwaju ya penalti. Afrika ikakosa nusu fainali yake ya kwanza, ambayo tuliisubiri hadi Moroko walipoifikia mwaka 2022. Wengine wanasema Suárez alivunja sheria, akaadhibiwa, basi, hesabu imefungwa. Mimi sijawahi kulikubali hilo moyoni. Wewe unasemaje? Matokeo yale yalikuwa ya kweli?

Chapisho la 5: Mwanzisha uzi

Swali hili limenikosesha usingizi, na nitalijibu kwa uaminifu ingawa jibu langu halitakufurahisha.

Suárez hakumdanganya mtu. Alifanya kosa mbele ya mwamuzi, mbele ya dunia nzima, na sheria ikafanya kazi yake yote palepale. Ghana ilipewa penalti, na Suárez akaikosa mechi ya nusu fainali. Unaweza kusema kwamba adhabu hiyo ni ndogo kuliko kosa, na mimi ninakubali kwamba mpira uliokuwa unaingia wavuni ungefaa kuhesabiwa kuwa bao. Lakini hiyo ni lawama kwa watunga sheria. Kinachoniuma ni kushangilia kwake. Kijana wa watu amekosa penalti iliyobeba bara zima, naye anaruka kwa furaha. Sheria haikatazi furaha ya namna ile, na mimi kama mwalimu ningemwita pembeni.

Linganisha na tendo la Thierry Henry, tarehe 18 Novemba 2009, Ufaransa ilipocheza na Ireland kutafuta nafasi ya kwenda kwenye Kombe la Dunia lile lile. Henry aliutuliza mpira kwa mkono, akampasia William Gallas, likawa bao. Mwamuzi hakuona. Henry alikiri baada ya mechi kwamba mkono uligusa mpira, wakati kukiri hakuwezi tena kubadili kitu, na Ireland ikabaki nyumbani. Hapo ndipo ninapoona udanganyifu: mwamuzi ameachwa aamini jambo lisilo kweli, na mwenye kuujua ukweli amenyamaza hadi ukweli ukaisha thamani. Kisha tazama alichofanya Miroslav Klose mwezi Septemba 2012 akiichezea Lazio dhidi ya Napoli. Bao lake lilikubaliwa, naye akamwendea mwamuzi akamwambia kwamba ameufunga mpira kwa mkono. Bao likafutwa, na Lazio ikafungwa 3 kwa 0. Henry na Klose wote walikiri. Kilichowatofautisha ni saa.

Chapisho la 6: Mchangiaji kutoka Tabora

Shikamoo Mwalimu. Ninashangaa tunazunguka Hispania na Italia wakati hapa nyumbani tuna kisa ambacho kila shabiki wa soka anapaswa kukikumbuka.

Mwezi Februari 2016, siku ya mwisho ya Ligi Daraja la Kwanza, Kundi C, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikigombea kupanda Ligi Kuu, na mabao ya kufunga yangeweza kuamua. Siku hiyo hiyo Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro mabao 7 kwa 0. Sisi wa Tabora tulishangilia kwanza, kisha tukatazamana. Shirikisho la soka lilichunguza, na kamati ya nidhamu ikaziadhibu timu zote nne kwa kupanga matokeo na kuziteremsha daraja. Mbao FC ya Mwanza, ambayo ilikuwa kwenye kundi hilo hilo, ndiyo iliyopanda Ligi Kuu.

Ninaandika haya kama mtu aliyeipenda timu ya mkoa wake. Kwa muda fulani nilikuwa na hasira na shirikisho. Leo ninaposoma maneno yako kuhusu mtu asiyeonekana kwenye picha, ninaona kwamba wakati tulipokuwa tukihesabu mabao yetu hatukumkumbuka hata mchezaji mmoja wa Mbao. Swali langu ni hili: je, wachezaji wa kawaida wa timu zile, ambao huenda waliambiwa tu la kufanya, walistahili kuteremka pamoja na viongozi wao?

Chapisho la 7: Mwanzisha uzi

Marahaba, kijana wangu. Swali lako ni gumu kuliko lile la Suárez, na ninaona kwamba siwezi kulijibu bila kusema jambo ambalo nimelificha kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wanaojua mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari hapa Tanzania, wanalijua neno mamluki. Ni mchezaji anayeletwa kuchezea shule ambayo yeye si mwanafunzi wake. Mara nyingi amekwisha kumaliza kidato cha nne, au anacheza timu ya mtaani yenye watu wazima, naye anapewa jina na namba ya usajili ya mwanafunzi halali. Mwaka mmoja, shule niliyokuwa nikifundisha ilikuwa na timu nzuri iliyokosa mshambuliaji wa uhakika. Wakubwa wangu wa kazi walitaka kombe la wilaya, na mimi nililitaka kuliko wao. Tulimleta kijana mmoja aliyekuwa akicheza timu ya mtaani, tukampa jina la mwanafunzi wetu wa kidato cha pili, mshambuliaji wa akiba, mtoto mwembamba aliyekuwa akiwahi mazoezini kuliko wote na kupanga koni kabla sijafika. Nilimwita ofisini nikamwambia kwamba safari hii hatasafiri, kwamba nafasi za kwenye gari zimepungua. Aliitika, akaniuliza kama anaweza kubaki na mpira mmoja wa mazoezi. Nilimpa.

Tulichukua kombe. Mamluki wetu alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano, na cheti kikaandikwa jina la mtoto aliyebaki shuleni na mpira wake. Cheti kilitundikwa ofisini pamoja na kombe.

Sasa nijibu swali lako. Wachezaji wangu wengine kumi walijua, kwa sababu huwezi kumficha mtu wa miaka ishirini na kitu katikati ya watoto wa kidato cha tatu. Hawakuwa na uwezo wa kunikatalia, maana nilikuwa mwalimu wao. Kama tungekamatwa na kuvuliwa kombe, wangeumia kwa kosa langu, na ningesema wameonewa. Lakini timu za shule nyingine tulizozifunga nazo zilikuwa na watoto kama wao. Kumwachia mkosaji matokeo kwa sababu amezungukwa na wasio na hatia ni kumsahau mara ya pili aliyedhulumiwa. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, timu iteremke, na viongozi wapewe adhabu yao wenyewe iliyo kubwa kuliko hiyo, ya kufungiwa wasishike tena timu. Mimi sikufungiwa. Niliendelea kufundisha michezo hadi nilipostaafu, na kila mwaka nilisimama mbele ya wanafunzi nikawaeleza maana ya mchezo wa kiungwana.

Chapisho la 8: Mchangiaji kutoka Eldoret

Mwalimu, nimesoma maneno yako mara mbili, na ninakuheshimu kwa kuyaandika. Naomba nikuulize jambo moja tu, na kama hutaki kulijibu nitaelewa. Yule mtoto aliwahi kuambiwa?

Chapisho la 9: Mwanzisha uzi

Nilimwambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, baada ya swali la mjukuu wangu. Sasa ni mtu mzima, ana duka la vifaa vya ujenzi na watoto watatu. Nilimfuata dukani kwake, nikakaa hadi wateja walipopungua, nikamweleza yote bila kupunguza. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu ileile aliyokuwa nayo utotoni, kisha akaniambia kwamba alijua tangu wiki ile, kwa sababu timu iliporudi shule nzima ilimpongeza kwa mdomo huku ikimcheka, na wenzake waliendelea kumwita "Mchezaji Bora" hadi alipomaliza kidato cha nne. Mpira aliacha mwaka uleule.

Hakunilaumu. Aliniuliza kama kile cheti chenye jina lake bado kipo ukutani. Nilimwambia kwamba siku niliyostaafu nilikiacha kikiwa kimetundikwa. Aliniomba nikakiondoe. Nimemwandikia barua mkuu wa shule wa sasa, nikamweleza sababu na kuweka sahihi yangu, na wiki ijayo nitakwenda mwenyewe kufuatilia jibu.